Kitenge Changu Kilichobaki Ng'ambo ya Ruvuma

Tangu nirudi, swali ni moja. Hamniulizi kama nilikula, hamniulizi kama magoti yalinifikisha, hata vita ikoje hamniulizi. Mnaniuliza, "Bibi Gama, kitenge chako cha Mama Maria kiko wapi?" Jumapili mmeniona kanisani katikati ya safu nzima ya akina mama wenye sare, mimi peke yangu nimevaa kitenge cha kuku na vifaranga. Mama Nyoni akanong'ona kwamba nimekiuza. Mwingine akasema nimeporwa na magaidi.

Sikuuza. Na magaidi hatukukutana. Nimeporwa na mjane, mchana kweupe, mbele ya frateri, na nikamshukuru. Kaeni niwaeleze mara moja, nisieleze tena kila nikienda kisimani. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nimesoma hadi darasa la nne tu, lakini darasa la nne la zamani lilikuwa linajua kuandika.

Mdomo unaombwa ubaki nyumbani

Kigango chetu cha Mjimwema, Songea, kilipotangaza kwamba tunapeleka msaada kwa watu waliokimbia vita kaskazini mwa Msumbiji, mimi sikuwemo. Padri alitaka mtu mpole. Wakatafuta mpole anayejua Kiyao, maana waliambiwa kambini kuna Wayao. Wapole wote wa Mjimwema hawajui Kiyao. Kiyao nakijua mimi, niliyelelewa na shangazi Tunduru mpaka nikavunja ungo. Basi wakanichukua kama mtu anavyochukua mwavuli uliochanika: mvua inanyesha na mwingine hakuna.

Aliyepewa kazi ya kunichunga ni Frateri Deusi, yule kijana wa Bukoba aliyeletwa kwetu kujifunza uchungaji kabla hajapewa upadri. Mtoto mzuri, mrefu, shati limepigwa pasi mpaka unaogopa kuligusa. Akatufanyia semina. Tukafundishwa kwamba mkimbizi haulizwi habari za vita. Hachekwi. Hapigiwi kelele. Unamwendea polepole, unainama kidogo, unaweka uso wa huruma. Akatuonyesha uso wenyewe. Ulikuwa kama uso wa mtu aliyekanyaga mwiba mbele ya wakwe.

"Na wewe, Bibi," akaniambia pembeni, kwa adabu zote, "nakuomba kitu kimoja tu. Mdomo."

"Mdomo wangu umefanya nini?"

"Bado haujafanya. Ndiyo maana naomba mapema."

Na msaada wenyewe? Hapo tulijiona tuna akili kuliko semina. Kikao kilifanyika mwezi wa sita, na mwezi wa sita wa Songea mnaujua. Tumekaa ukumbini tumejikunyata kama kuku walionyeshewa, mtu akisema "Tumsifu Yesu Kristo" moshi unamtoka kinywani. Mwenyekiti akauliza, mtu aliyefukuzwa kwake anahitaji nini kwanza? Ukumbi mzima ukajibu, meno yanagongana: sweta. Hakuna aliyebisha. Tukafuma. Tukafuma masweta, tukafuma mizula ya kufunika masikio, tukachangisha na mablanketi mazito. Unga, dagaa nyasa na sabuni za miche tuliongeza mwishoni, kujaza pembe za lori.

Nisingizieni mengine yote, lakini sweta la bluu lenye vifungo vya mbao lilikuwa langu, na lilikuwa zuri kuliko yote.

Songea hadi Namtumbo: maji ya baraka na tairi

Lori lilikuwa Fuso la Haule wa Majengo, yule anayeendesha na kijiti mdomoni. Padri alibariki lori zima. Alizunguka tairi moja moja na maji ya baraka, na tairi la nyuma kushoto akalirudia, nadhani kwa sababu lilionekana limechoka.

Kabla ya Namtumbo ndilo lililopasuka.

"Lile alilolirudia," nikasema.

"Bibi," akasema Frateri.

"Nasema tu nilichokiona."

Haule akatoa kijiti mdomoni. "Baraka ilifanya kazi, Bibi. Limepasuka polepole."

Tukakaa kando ya barabara mpaka jua likapanda. Mama mmoja akaja na beseni la mihogo ya kuchoma, ile inayopakwa chumvi na pilipili, tukala. Akauliza lori limebeba nini.

"Masweta," nikamjibu kwa kujivuna. "Tunawapelekea wakimbizi ng'ambo ya Ruvuma."

Akanitazama. Akatazama lori. Akacheka mpaka akaweka beseni chini. Mimi nikafikiri ni furaha ya kukutana na watu wema. Akatuongezea mhogo mmoja bure, nikaona kweli, wema unaambukiza.

Tulipoanza tena kuondoka, barabara ikawa inashuka. Nilikuwa nimevaa sweta juu ya gauni, na kitenge cha sare juu ya sweta. Kidogo nikalegeza kitenge. Kidogo nikafungua sweta. Haule akavua koti. Frateri alivumilia, maana shati lake lilikuwa na heshima ya Kanisa, lakini jasho lilimshuka nyuma ya masikio. Kila mmoja alikuwa ameanza kufikiri jambo moja, na kila mmoja aliogopa kuwa wa kwanza kulisema.

Tunduru: tunapokelewa kwa matusi

Tunduru tulifikia kwa Issa, dalali wa mawe ya vito, tuliyekua naye mtaa mmoja. Ni Myao halisi. Alikuwa barazani anamulika kijiwe kwa tochi ndogo. Aliponiona nateremka, aliruka juu kama hana miaka.

"Wangoni!" akapiga kelele mtaa mzima usikie. "Fungeni kuku ndani! Ficheni watoto! Wamekuja tena!"

"Kuku gani?" nikamjibu. "Wale waliokonda kama wewe? Myao unakula korosho mwaka mzima na bado unafanana na ganda lake."

"Na wewe umezeeka mpaka umeanza kupendeza kidogo."

Frateri akasogea mbele haraka, ameshaweka ule uso wake. "Mzee, shikamoo. Naomba radhi kwa niaba ya Bibi..."

Issa akamtazama kwa mshangao. "Marahaba, mwanangu. Unamwombea radhi ya nini?"

Ikabidi tumfundishe, maana Bukoba ni mbali. Nikamwambia: babu zetu Wangoni walitoka kusini na mikuki, wakapigana na Wayao mpaka pande zote zikachoka. Walipochoka wakapatana, na mapatano yenyewe ni haya: badala ya mkuki, mdomo. Mngoni anamtukana Myao na Myao anamtukana Mngoni, na anayekasirika ndiye mwenye makosa. Ndio utani.

"Siku za furaha ni mchezo," akasema Issa, na sauti ikashuka. "Msibani ni kazi. Mke wangu alipofariki, nilikaa kama gogo. Ndugu walinipa pole, nikawa sisikii. Akaja huyu bibi kutoka Songea. Akavaa kanga ya marehemu, akaanza kutembea kama marehemu, anafokea watu kama marehemu. Kisha akaingia kaburini, akalala, akasema hatoki mpaka apewe jogoo."

Frateri akanigeukia. "Ulilala kaburini, Bibi?"

"Nililala. Palikuwa na ubaridi mzuri."

"Nikacheka," Issa akasema. "Nilipocheka ndipo nikaweza kulia. Jogoo nikampa."

"Mdogo mno," nikasema.

Tukaletewa ugali wa muhogo na kisamvu kilichoungwa kwa korosho. Frateri aliumega ule ugali mweusi kwa mashaka, anatafuta ndizi za kwao kwa macho. Tulipokuwa tunanawa, Issa akauliza tumebeba nini. Nikamwambia, safari hii sikujivuna sana. Alicheka mpaka kofia ikamwanguka.

"Masweta! Kule bondeni! Zamani mlikuja kutuua kwa mikuki, sasa mnakwenda kuwaua wenzetu kwa joto!"

Mangaka hadi darajani: baridi inakuja?

Habari za mihuri ya mpakani siwaelezi, hamtazipenda, na mimi nilizilala. Nawaeleza habari za askari.

Ng'ambo ya daraja la Ruvuma, askari wa Msumbiji walitusimamisha wakataka kuona mzigo. Askari kijana alifungua furushi la kwanza, akatoa mzula. Akafungua la pili, akatoa sweta. Akatazama jua. Akanitazama mimi, nilivyolowa kama niliyetoka mtoni. Akawaita wenzake. Wakaja, bunduki mabegani, wakasimama wanapekua masweta kama watu wanaotafuta siri iliyofichwa ndani ya mikono. Wakaongea Kireno chao. Mwishowe mmoja aliyejua Kiswahili cha Kimakonde akaletwa. Akaniuliza kwa upole kabisa, kama anayeogopa jibu:

"Mama, huko kwenu wamesema baridi inakuja?"

"Haiji, baba."

"Basi hizi?"

Mdomo uleule ulioombwa ukae nyumbani ukanikimbia wenyewe. Frateri akajibu, "Ni upendo." Askari akawatafsiria wenzake. Wakafunga mafurushi vizuri sana, wakatupisha.

Baada ya hapo hatukucheka. Mbele tulipita vijiji ambavyo nyumba zake hazina paa na kuta ni nyeusi. Mashamba ya muhogo yalikuwa yamekomaa, majani yanakauka, na hakuna aliyechimba. Mhogo uliokomaa shambani na mwenyewe hayupo, mimi mkulima najua maana yake. Helikopta ikapita juu. Haule alitoa kijiti mdomoni, hakukirudisha tena siku ile.

Kambini: wanatuonea huruma

Kambi ni maturubai juu ya miti, safu na safu, na vumbi jekundu. Aliyetupokea ni muuguzi mmoja, Mama Lusia, Mmakonde mnene mwenye sauti ya mwalimu wa kwaya. Tukapanga mzigo. Watu wakaja. Sisi tukainama kidogo, tukaweka uso wa huruma.

Tukawapa masweta.

Wakayapokea kwa mikono miwili. Mzee mmoja alilishika lake, akaligeuza, akalitazama jua kama yule askari, kisha akatuinamia kidogo akatutazama. Nikautambua ule uso. Wenyewe kabisa, wa semina! Kumbe unatoka bila kufundishwa. Watu waliochomewa nyumba walisimama pale wanatuonea huruma sisi.

Lakini watu wale hawaachi kitu kipotee bure. Kabla hatujamaliza kugawa, mama mmoja alikuwa ameshafumua mkono wa sweta anasokota kamba ya kufungia turubai. Mwingine akajaza nguo ndani ya lake, akafunga mikono, likawa mto. La bluu lenye vifungo vya mbao nililiona limevikwa mtungi wa maji, limelowanishwa, maji yapoe. Nilitaka kusema kitu. Nikakumbuka ombi la Frateri.

Unga na sabuni viliisha kama vimepeperushwa.

Ndipo Mama Lusia akaniuliza kama ni mimi ninayejua Kiyao. Akanipeleka mwisho wa safu, turubai la pembeni. Mlangoni amekaa mwanamke wa rika langu, mwembamba, kajitanda shuka jeupe, macho yako kwenye mchanga. Walimwita Abiti Mustafa. Wayao humwita mwanamke kwa jina la baba yake, ndiyo heshima yao. Pembeni yake alikuwepo mkwe wake, Zaina, ameshika kikombe cha uji uliopoa mpaka ukaweka ngozi.

"Hali chakula," Mama Lusia akaniambia. "Hasemi. Tumembembeleza wote. Tangu walipofika anaweka maji kidogo mdomoni, basi. Nimewaona wengine hivi. Zikipita siku chache bila kula atamfuata mumewe."

Nikamwamkia kwa Kiyao. Kimya. Nikampa pole. Kimya. Frateri akachutama, akampa pole yake iliyo laini kama pamba. Yule mama hata kope hakupepesa. Amepewa pole na watu wangapi huyu? Pole zilikuwa zimemfunika kama yale mablanketi yetu.

Nikamvuta Zaina pembeni nikamuuliza habari za mzee. Akanieleza kwa Kiyao, kwa haraka, kama mtu anayetua mzigo. Mzee Bakari hakufa kwa risasi. Walikuwa wanakimbia, kifua kikambana njiani. Wakamfukia kando ya njia kwa majembe ya kuazima, wakiogopa hata kuomba dua kwa sauti. Hakukuwa na sanda. Hakukuwa na hitima. Waliendelea kutembea na udongo bado uko mikononi.

"Tangu pale mama hajalia," akasema. "Ndugu wametawanyika. Na hata mtani hakuwepo. Msiba gani huu usio na mtani?"

Alikuwa anasema tu kwa uchungu wake. Hakujua kwetu ni wapi.

"Zaina," nikamwambia, "mimi ni Mngoni."

Akanitazama. Akaziba mdomo kwa kanga.

Sasa niwaambie ukweli wake: niliogopa. Kwa Issa nilikuwa namjua marehemu, najua alivyokunja uso, najua alivyofokea mbuzi. Huyu Bakari sikumjua. Na pale kuna watu wa kila kabila, Wamakua, Wamakonde, wamechoka, wana hasira. Nikikosea, nimemtukana maiti mbele ya mjane wake katikati ya vita, na Kanisa zima limetukana nami. Na yule mama, nikimpoteza zaidi, nani atamrudisha?

Nikachukua sweta lililobaki, la kijani, nikalivaa. Nikavaa na mzula. Nikasimama mbele ya lile turubai, nikashika kiuno, nikapaza sauti kwa Kiyao, sauti ile mnayoijua.

"Bakari! Bakari we! Toka huko ulikojificha! Wenzako wanakimbia vita kwa miguu, wewe umeona uvivu ukaingia chini ya ardhi! Mzee gani huyu! Unamwachia mwanamke abebe sufuria peke yake!"

Watu wakatoka kwenye maturubai. Mama Lusia akaja mbio. Frateri akanivuta mkono wa sweta.

"Bibi! Tulikubaliana!"

"Lala chini, Frateri."

"Nini?"

"Sina maiti. Lala chini."

Akafungua kinywa kunikatalia. Kisha akamtazama Abiti Mustafa, na mimi nikatazama alikotazama. Kile kichwa kilikuwa kimeinuka. Kidogo tu, kama cha mtu aliyesikia jina lake likiitwa mbali.

Frateri Deusi wa Bukoba, mwenye shati la pasi, akalala chali kwenye vumbi jekundu. Akafumba macho, akakunja mikono kifuani kama sanamu ya mtakatifu. Nikamfunika mablanketi mawili mazito ya kigango chetu, katika jua lile. Haule, mjinga wetu, alikuwa ameshika simu ya Frateri anapiga picha za ripoti.

Nikaanza kutembea kama Bakari. Wazee wote huchechemea, nikaona nichukue huko. Nikachechemea mguu wa kulia, nikiburuta, huku nanung'unika kwamba ugali haujaiva, kwamba maji ni ya moto, kwamba wanawake wa Kiyao hawajui kupika na ndiyo maana mtu anaona bora afe. Watu wakaanza kuguna. Nikazunguka mara moja. Nikazunguka tena, goti linaniuma kweli, jasho linaingia machoni, na moyoni nasema, Mungu wangu, nimeharibu.

"Wa kushoto."

Sauti ilikuwa kavu kama jani. Nikasimama.

"Mguu mbovu ulikuwa wa kushoto," akasema Abiti Mustafa. "We Mngoni kipofu."

Mama Lusia alijishika kifua. Mimi sikumpa nafasi ya kurudi alikotoka. Nikahamia mguu wa kushoto. "Hivi?"

"Hivyo ni bata. Bakari alikuwa mwanaume."

"Na alikohoa hivi?" Nikakohoa kama mbuzi.

"Hakuwa akikohoa. Alikuwa anasafisha koo kabla ya kuingia ndani, nijue anakuja." Akasafisha koo mwenyewe, kwa sauti nzito, ya mume wake. Zaina akapiga kelele. Akacheka, au akalia, vilikuwa pamoja. Mabibi wawili wa Kiyao waliosimama nyuma nao wakaanza, na chini ya mablanketi maiti ikaanza kutikisika kwa kicheko.

"Maiti hii ina homa!" nikasema.

"Imekufa kwa joto lenu," akasema Abiti Mustafa. "Mnaleta nguo za manyoya huku. Nani aliwaroga?"

Nikakaa chini mbele yake, sikuombwa. Nikamwambia kazi nimefanya, nimetoka Songea, sijala, mtani haondoki bila kula. Na kwa kuwa Wayao ni wachoyo, nitausonga mwenyewe. Nikavuta sufuria, nikamwaga unga wetu waliogawiwa kwenye maji ambayo hayajachemka. Nilifanya makusudi? Mjue wenyewe, mnaujua ugali wangu.

Hakuweza kuvumilia. "Lete huo mwiko! Unatengeneza chakula au unasiliba nyumba?" Akaninyang'anya. Zaina akamshikia sufuria, naye akasonga akiwa amekaa palepale mlangoni. Akakashifu unga wetu mweupe usio na ladha, akakashifu dagaa zetu ndogo. Alipoipua, adabu yao haimruhusu kumwacha mgeni ale peke yake. Akamega tonge. Akalitazama muda mrefu. Akala.

La pili alilimega akaliweka chini, akalia. Alilia kwa sauti, na jina la mume wake ndani yake, mpaka safu za mbali wakasikia. Hakuna aliyemnyamazisha. Frateri alikuwa ameshatoka kwenye mablanketi, amejaa vumbi kichwa hadi mguu, amekaa tu mchangani. Uso wake wa semina sikuuona tena. Uliobaki ulikuwa wake mwenyewe, na ulikuwa umelowa.

Kisha Abiti Mustafa akajifuta, akamalizia lile tonge.

Kurudi: naporwa

Asubuhi ya kuondoka nilipita kumuaga. Alikuwa anamfokea Zaina kwamba uji umekuwa mwepesi. Nikafurahi. Nikajitia kuwa na haraka, nikavaa sare yangu vizuri, nikainama kumshika mkono. Akashika pindo la kitenge akalivuta.

"Hiki changu."

"Nini?"

"Umekula kwangu, umemtukana mume wangu. Mtani anachukua anachotaka. Sheria unaijua."

Naijua. Na anayekasirika ndiye mwenye makosa. "Abiti Mustafa, hiki cha kanisa. Kina picha ya Bikira Maria."

"Huyu si Mariamu mama yake Isa? Namjua kabla yako." Akakikunja, akakikalia. "Sikivai sasa, niko eda. Nikitoka eda nitakivaa. Na wewe ukifa nitakuja nacho huko kwenu kwenye baridi. Nitakuwa natembea hivi," akainua mabega, akapeleka kidevu mbele, na wote waliokuwepo wakaniona mimi, hata mimi nikajiona. "Nitalala kaburini mwako, na sitoki mpaka wanipe jogoo."

"Songea ni mbali, mama."

"Si umekuja wewe, na magoti hayo?"

Nikapanda lori na gauni tupu na kanga ya Zaina begani. Tunduru, Issa aliniuliza kitenge kiko wapi. Nilipomwambia, akasema huyo ni Myao wa kweli. Kitenge cha kuku na vifaranga alininunulia yeye sokoni, makusudi anichekeshe.

Padri alifungua picha za ripoti ofisini, mimi na Frateri tumesimama. Akaikuza moja. "Maskini," akasema, "huyu aliyelala chini, ni mkimbizi?"

"Ni mimi, Padri," akasema Frateri.

Semina nyingine imetangazwa, na safari hii nimeambiwa nikae mbele. Msaada unaofuata ni majembe, ndoo na unga. Aliyenong'ona kwamba na mablanketi yaongezwe nimeshamjua.

Kwa hiyo kitenge kiko kule, kimekunjwa, kinasubiri eda iishe. Abiti Mustafa hakuwa anangoja kitu chochote duniani, sasa anangoja mimi nife. Sina haraka, na namwombea naye asiwe na haraka.

Lakini mkisikia zamu yangu imefika, na mkamwona stendi bibi mwembamba wa Kiyao amevaa sare yetu, ananitukana kabla hajafika kwangu, msimwite mwizi. Msimwekee uso wa huruma. Mshikeni mkono, mpelekeni kaburini, mumwache alale. Mvalisheni sweta, huku atasikia baridi. Na jogoo asiwe mdogo. Nimeshaanza kumlisha.